Je, wajua kwa nini mwanamieleka hung'ara kwenye futiboli ya Marekani?

Stephen Neal hakucheza futiboli hata mechi moja akiwa chuo kikuu. Yeye alikuwa mtu wa mieleka: bingwa wa vyuo vya Marekani 1998 na 1999, na mwaka huohuo wa 1999 akawa bingwa wa dunia. Ila alipostaafu baada ya msimu wa 2010, alikuwa na pete tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali kuu ya futiboli hiyo, alizopata na timu ya New England Patriots. Kazi yake: kuyazuia majitu yasimfikie mrusha mpira, Tom Brady.

Kwa miaka mingi nilidhani jibu ni nguvu. Mieleka niliyoijua ni ile ya kwenye televisheni, ya kupigana viti. Lakini hebu fikiri: kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, kila mtu ananyanyua vyuma. Nguvu za kuazima za nini? Tena mieleka ya vyuoni hupangwa kwa uzani, unakutana na wa kilo zako. Misuli mitupu haikufikishi mbali.

Siri ni kuwa chini. Ukilisukuma kabati la nguo kwa juu, linainama kutaka kuanguka. Mchezaji aliyesimama wima ndiye kabati hilo. Anayemwingia kapiga magoti nusu, viganja kifuani, hamsukumi mbele tu, anamsukuma mbele na juu. Hiyo "juu" ndiyo tamu. Sehemu ya uzito wa mpinzani inahamia mikononi mwako, njumu zake zinalegea kwenye nyasi. Amekuwa gari lililonasa topeni: injini inanguruma, tairi zinazunguka palepale. Nguvu anazo, pa kuzikanyagia hana.

Mwanamieleka amerudia jambo hili mara maelfu, hadi viganja vyake vinahisi uzito wa mwenzake ukihama kabla macho hayajaona.

Huenda pia mieleka inawachuja tu waliozaliwa na uwezo mzuri wa kusimama imara bila kuyumba. Kutenganisha hayo mawili ni vigumu. Na mieleka peke yake haitoshi. Kwenye fainali ya vyuo ya 1999 Neal alimshinda kwa pointi 3–2 Brock Lesnar, ndiyo, yuleyule wa mieleka ya kwenye televisheni. Mwaka 2004 Lesnar naye alijaribu bahati yake kwenye timu ya NFL ya Minnesota Vikings, ingawa alikuwa ameumia kwenye ajali ya pikipiki. Wakamwacha kabla msimu haujaanza.