Pikapu Mpya Inatoa Moshi Asubuhi: Nusa Kabla Hujafungua Injini

Mtu amenunua pikapu haijamaliza hata mwaka, anaiwasha alfajiri, wingu linatoka kwenye bomba la ekzosti, naye anabaki roho mkononi. Akinipigia simu huanza na rangi: mweupe, wa bluu, mweusi. Rangi ni nusu ya habari tu. Mimi nataka kwanza kujua moshi ulidumu kwa muda gani, ulinuka nini, na kama kesho yake ulirudi vilevile.

Kabla ya yote, injini iwe baridi kweli. Gari lililozimwa saa mbili zilizopita bado lina joto ndani hata kama boneti imepoa, na dalili ninayoitafuta huwa haionekani. Lilale usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi mmoja awashe, mwingine asimame ubavuni mwa bomba, si nyuma yake, nje penye hewa. Msipige resi. Iacheni ingurume yenyewe.

Moshi mweupe mwepesi unaopotea hatua moja au mbili kutoka kwenye bomba ni mvuke. Petroli ina haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Bomba likiwa baridi mvuke huo hugeuka matone, na ekzosti ya pikapu ni ndefu, kwa hiyo huchukua muda kupata joto. Shika karatasi nyeupe karibu na mdomo wa bomba kwa sekunde chache, kisha iache ikauke. Ikibaki safi, au na vumbi jeusi kidogo, ni maji. Ikibaki na doa la mafuta linalong'aa ukiiinua kwenye mwanga, oili inapita. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kimewatuliza wengi waliokuwa tayari kung'oa silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda.

Mweupe mzito unaoning'inia hewani na kunuka utamutamu ni jambo jingine: hiyo ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Gari likizimwa, mfumo wa kupoza hubaki na presha, na presha hiyo husukuma kulanti kidogo kidogo kupitia gasketi ya hedi iliyoachia (kiziba kilichobanwa chini ya silinda hedi) au ufa mdogo hadi ndani ya silinda. Asubuhi injini inamisi, yaani silinda moja haiwaki vizuri, kwa sekunde chache, inatikisika, kisha inatulia kana kwamba hakuna kitu. Kwenye dizeli kuna mlango wa pili ambao mafundi wengi huusahau: kipoozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kikivuja, kulanti huingia kwenye njia ya moshi wakati gasketi ya hedi ni nzima kabisa. Weka alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba ya kulanti injini ikiwa baridi, uiangalie tena baada ya wiki, baridi hivyohivyo. Ikishuka na chini hakuna tone, dai mfumo upimwe presha. Mfuniko usiuguse injini ikiwa ya moto.

Dizeli ina mweupe wake mwingine, unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi. Injini hii haina plagi za cheche. Inategemea joto la hewa iliyobanwa, na asubuhi husaidiwa na hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto silinda. Moja ikifa, silinda yake hutema mafuta yasiyoungua mpaka kuta zipate joto. Kwenye gari jipya naanzia kwenye umeme: fyuzi, rilei, soketi iliyolegea, halafu napima ukinzani wa kila hita plagi na kuilinganisha na wenzake. Iliyokatika hujitaja yenyewe. Nozeli, zinazonyunyiza mafuta, nazifikiria baadaye.

Wa bluu ndio unaohitaji subira zaidi, kwa sababu unaweza kuwa jambo dogo au kubwa. Ni oili inayoungua. Naanza na kijiti cha oili, maana oili iliyozidi alama ya juu hutosha kuleta moshi, na magari mapya hutoka sevisi ya kwanza yakiwa yamejazwa kupita kiasi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kinuse kijiti pia. Kikinuka petroli, huenda safari ni fupi mno na injini haipati joto la kutosha, au kuna nozeli inayodondosha usiku. Kama kiwango ni sahihi, sikiliza muda. Pumzi moja ya bluu wakati wa kuwasha, kisha safi, inaelekeza kwenye sili za valvu, mipira inayozuia oili isipite kwenye shina la valvu: oili imeteremka taratibu gari likiwa limelala. Bluu inayoendelea na kuongezeka unapokanyaga mafuta inaelekeza kwenye ringi za pistoni, pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ikijitokeza baada ya kunguruma muda mrefu bila mzigo, nashuku sili za turbo au valvu ya kupumulia injini. Ringi za injini mpya huhitaji muda kukaa sawa na ukuta wa silinda, kwa hiyo oili ikipungua kidogo mwanzoni sishtuki. Nashtuka ikiwa matumizi hayapungui kadiri kilomita zinavyoongezeka.

Mweusi wa sekunde chache kwenye petroli ni kompyuta kuongeza mafuta kwa ajili ya baridi. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, tazama filta ya hewa, sensa na nozeli.

Sasa suala la dhamana, na hapa nasisitiza kwa moyo wote: usimruhusu fundi wa nje afungue kitu, wala afute kodi za hitilafu, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Zikifutwa, na kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea hupotea nazo. Rekodi video kabla ya kuwasha, ioneshe kilomita na joto la nje kwenye dashibodi, kisha bomba, bila kukata. Andika kila oili au kulanti iliyoongezwa, tarehe na kiasi. Gari likifika gereji ya dhamana limeshaendeshwa, limepata joto na moshi haupo, utaambiwa ni zima. Kwa hiyo taka iandikwe kwenye karatasi ya kazi kwamba gari litalala hapo na kuwashwa asubuhi likiwa baridi, wewe ukiwepo.