Kopo lililobonyezwa kitako: jinsi mtoto anavyofundishwa uhalifu

"Huyu mtoto kamrithi nani? Kwetu hakuna mwizi." Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii, na watoto waliokinzana na sheria, hakuna swali ninaloulizwa na wazazi mara nyingi kama hilo. Linaniumiza kila mara. Mzazi anapekua damu ya ukoo, wakati mtoto alifundishwa mchana kweupe, pengine na mtu ambaye mzazi mwenyewe alimshukuru kwa kumpokea.

Kijana mmoja wa miaka 15 alipelekwa na familia yake kusaidia kwenye duka la nafaka sokoni. Wiki ya kwanza alifagia, akapepeta, akapanga magunia. Wiki ya pili tajiri yake akamwonyesha makopo mawili ya kupimia maharage. Kwa nje yanafanana. La pili lilikuwa limegongwa nyundo kitako kikaingia ndani, kwa hiyo hata likijazwa mpaka likafanya kilele, mteja anaondoka na pungufu. Kijana akafundishwa kulishika kwa kiganja chini, kumsemesha mteja wakati wa kumimina, na kumwongezea konzi moja ya nyongeza ili aende zake amefurahi.

Huo ni ufundi, na ungejifunzika kwa siku moja. Somo lenyewe lilikuwa maneno. "Soko zima wanafanya hivi." "Mteja mwenyewe haangalii." "Biashara ni akili." Nilikutana naye baadaye kwa kosa jingine kabisa: alikuwa akimsaidia rafiki yake kusambaza zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikamuuliza kuhusu watu waliopoteza fedha zao. Akajibu, "Wenyewe wanatuma bila kuangalia." Sentensi ileile ya dukani. Ilihama naye kutoka kwenye maharage hadi kwenye simu.

Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kuwa wapo watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba wanatambulika kwa taya, masikio na fuvu. Dai hilo lilishaanguka kitaalamu, ila mitaani bado lina watu wake. Aliyeligeuza swali ni mwanasosholojia wa Marekani, Edwin Sutherland, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1939 na kuikamilisha mwaka 1947. Alisema uhalifu hujifunzwa kama mtu anavyojifunza ushonaji au lugha, kwa kuzungumza na watu wa karibu, na kinachojifunzwa ni vitu viwili: mbinu, na sababu za kuona kuvunja sheria ni sawa. Mtu huvuka mstari pale maneno ya kuhalalisha yanapozidi maneno ya kukataza.

Ndiyo maana askari magereza anashinda na wezi miaka 30 na anastaafu mwaminifu. Kukaa karibu peke yake hakutoshi. Sutherland alitaka tutazame mara ngapi mtu anasikia maneno hayo, kwa muda gani, alianza akiwa na umri gani, na anayemwambia ana uzito gani kwake. Kwa kijana wa miaka 15, tajiri anayemlipa na kumlisha ana uzito kuliko sisi maofisa wote.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya maskani na vijiweni tu. Sutherland huyohuyo alichunguza makampuni makubwa 70 ya Marekani, na matokeo yaliyotoka mwaka 1949 yalionyesha kwamba yote yalikuwa na maamuzi ya kisheria dhidi yao. Wenye suti nao walifundishana kazini, mkubwa akimwonyesha mgeni namna mambo yanavyokwenda.

Mwaka 1957 wanasosholojia wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliyapanga maneno ya kujitetea katika mafungu matano: si kosa langu, hakuna aliyeumia, alijitakia, wanaonihukumu ndio wezi wakubwa, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Nimeyasikia yote kwa Kiswahili. La nne ndilo linalonipa shida zaidi, kwa sababu watoto huleta mifano, na mifano mingine ni ya kweli.

Kama uhalifu una darasa lake, basi ni hatari kumpeleka mtoto kwenye darasa kubwa zaidi, yaani kumweka pamoja na wengine wenye tabia hiyo. Huko Massachusetts, Marekani, mradi wa kuwasaidia wavulana ulioanza mwaka 1939 ulifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30, na waliosaidiwa wakaonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao wasioguswa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa walioharibika zaidi ni waliopelekwa pamoja kwenye kambi za likizo ya kiangazi zaidi ya mara moja. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na inataka akiwa kizuizini atengwe na watu wazima. Watu hudhani ni huruma tu. Mimi naona ni busara ya kitaaluma, maana selo ya watu wazima ina walimu wengi na muda mwingi wa kufundisha.

Basi mzazi, mtoto anapoanza kibarua au ufundi, usiishie kuuliza analipwa kiasi gani. Muulize mteja akirudi kulalamika wanamwambiaje. Muulize amefundishwa nini kipya wiki hii, na umwache amalize kusimulia kabla hujakunja uso. Kijana wa maharage aliniambia kwamba siku ile ya makopo alirudi nyumbani akitaka kumwambia mtu. Mama yake alimuuliza kama amepewa hela ya sabuni.