Ndege Kutoanguka Si Ushahidi

Kila ninapoeleza hapa Mombasa kwamba bajeti ya serikali inayoyumba hudhoofisha usalama wa anga, hujibiwa kwamba mwaka 2025 shughuli za serikali ya Marekani zilisimama kwa siku 43 kwa kukosa bajeti, waongoza ndege, yaani wanaoelekeza marubani kutoka ardhini, wakafanya kazi bila mshahara, na hakuna ndege iliyoanguka kwa sababu hiyo. Jibu hilo limenichosha, hasa linapotoka kwa watu wanaofanya kazi katika uwanja wa ndege wa Moi.

Usalama ulilindwa kwa kupunguza safari. Novemba mwaka huo, mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Msimamizi wa zamu aliyepungukiwa na watu huongeza nafasi kati ya ndege, na ikibidi huzizuia zisiruke, kama ilivyotokea Januari 25, 2019, shughuli za serikali ziliposimama pia, safari za kwenda uwanja wa LaGuardia, New York, ziliposimamishwa kwa muda. Abiria aliyelalamikia kuchelewa alikuwa akiugharimia usalama wake mwenyewe.

Njia nyingine ya kukabili upungufu wa watu ni kuunganisha sekta, yaani kumpa mwongoza ndege mmoja vipande vya anga vya watu wawili, na hapa ndipo wengi hawataki kusikiliza. Usiku wa Julai 1, 2002, mwongoza ndege mmoja mjini Zurich alihudumia meza mbili peke yake, mwenzake akipumzika, huku mifumo ya rada na simu ikiwa katika matengenezo. Ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, na watu 71 wakafa. Sidai kwamba chanzo kilikuwa bajeti. Nasema kwamba kila kinga iliyoondolewa usiku ule ilionekana, ikitazamwa peke yake, kuwa kitu kinachoweza kukosekana kwa muda, na hivyo ndivyo mkata bajeti anavyofikiri.

Mafunzo nayo hukatika. Chuo cha waongoza ndege cha Oklahoma City, Marekani, kilifungwa katika mgogoro wa bajeti wa 2018 na 2019, na kwa kuwa mwanagenzi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuachiwa sekta, pengo lake huonekana wakati mgogoro umeshasahaulika. Kutegemea ada za mashirika ya ndege badala ya bajeti ya serikali, kama ifanyavyo Kanada, kunasaidia, ingawa mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa ada nazo zilikauka.

Takwimu za ndege kukaribiana mno nazitilia shaka, kwa sababu sehemu yake hutegemea taarifa anayoandika mwongoza ndege mwenyewe, na aliyechoka huenda asitambue alichokikosa. Idadi ikishuka wakati wa mgogoro, sioni kwa nini tuichukulie kuwa habari njema.