Michikichi elfu kumi si msitu

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno lile. Mkutano wa kijiji ulikuwa umefika kwenye mengineyo, tumekaa chini ya mwembe, mgeni kutoka mjini akasimama kukisifu kilima kilichokuwa mbele yetu, kimepigwa mistari ya michikichi michanga kuanzia juu hadi kijitoni. "Hongereni sana kwa kurudisha msitu!" Makofi. Mzee niliyekaa naye akaniinamia: "Mwanangu, pale palikuwa na miyombo na mininga. Niliikata mwenyewe ili nipande hii."

Huu ni mwaka wa 14 nafanya kazi na wakulima wa michikichi Kigoma. Naupenda mmea huu. Mawese yake yanaunga mboga, mise yake, yaani kiini cha kokwa, inatoa mafuta ya sabuni, na nimeona nyumba zikiezekwa bati kwa fedha yake. Siutafutii ubaya. Lakini shamba la michikichi si msitu, na nimechoka kusikia watu wenye dhamana wakisema ni msitu.

Ya kibotania nayapitia haraka. Kwa ukoo mchikichi uko karibu zaidi na nyasi na mahindi kuliko mvule. Hauna matawi, hauna pete za miaka, na kitovu chake cha kukua ni kimoja tu, kileleni. Ukikata myombo, kisiki kinachipua. Ukikata kichwa cha mchikichi, mmea wote unakufa. Hata hivyo hoja yangu haisimami hapo. Hata ungekuwa mti kamili, shamba lingebaki shamba.

Ingia kwenye shamba lililokomaa la tenera, aina ya michikichi yenye mafuta mengi. Nafasi ni mita 9 kwa pembetatu, michikichi 143 kwa hekta, yote ya umri mmoja na kimo kimoja. Chini ya kila shina kuna duara lililopaliliwa hadi udongo uonekane, ili chikichi zikidondoka ziokoteke. Kwenye vikonyo vya makuti yaliyokatwa utakuta majani laini na panya, na nyoka aliyewafuata panya. Basi. Sasa shuka kwenye msitu wa bondeni, pale ambapo bado upo: juu mikuyu, katikati miti ambayo hata mimi nauliza wazee majina yake, chini miche, kamba, uyoga, majani yaliyooza hadi mguu unazama. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 15 tu ya spishi za msitu asilia ndizo zilizoonekana pia kwenye mashamba ya michikichi. Na baada ya miaka 25 hivi, michikichi ikishakuwa mirefu kiasi kwamba mikungu haifikiki, yote huangushwa na kupandwa upya. Msitu gani unaangushwa wote kwa ratiba?

Linaloniudhi zaidi ni namna kosa hili linavyovaa takwimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linataja msitu kuwa eneo linalozidi hekta 0.5, lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Mchikichi unafaulu vipimo vyote vitatu, ndiyo maana FAO wakaongeza sentensi inayoutoa kwa jina: mashamba ya matunda na ya michikichi hayahesabiwi. Watu husoma vipimo, wakaacha sentensi. Tena ramani nyingi za setilaiti hupima kifuniko cha miti, yaani chochote kinachozidi mita 5, na kutoka angani shamba lililofunga kivuli huonekana kijani kibichi kizuri kuliko miyombo iliyopukutisha majani mwezi wa nane. Kwa hiyo ofisa anafungua ramani, anaona kijani kimeongezeka, anaandika kwenye ripoti kwamba uoto umerejea. Kumbe kilichotokea ni kwamba miyombo imeondoka mwaka mmoja na michikichi imekua miaka saba baadaye. Namba ni sahihi, na ripoti ni ya uongo.

Nikiri jambo ambalo vitabu hulipita kimya: mpaka huo wa FAO wenyewe haujanyooka. Shamba la mikaratusi linahesabiwa msitu, na la mpira vilevile. Kwa mdudu anayeishi ndani yake, sijaona mikaratusi inamzidi mchikichi kwa lipi. Mtu akiniuliza kwa nini huu ndani na ule nje, jibu langu halinitoshelezi hata mimi.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaouona mchikichi kama adui wa misitu kwa asili yake. Hapana. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, ambako umeishi pembezoni mwa misitu na kando ya vijiji kwa maelfu ya miaka. Uliofanyika kule Indonesia na Malaysia ni uamuzi wa watu. Miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Leo nchi hizo mbili zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na kati ya 1990 na 2005 zaidi ya nusu ya upanuzi wa mashamba yao ulikula msitu. Sehemu nyingine walichimba mitaro kukausha vinamasi vyenye udongo wa mimea iliyooza nusu, na udongo huo ukikauka huwaka. Ukisusia mawese ukahamia alizeti, kumbuka hekta ya michikichi inayotunzwa vizuri hutoa tani 3 hadi 4 za mafuta, na ya alizeti haifiki tani moja. Ardhi hiyo ya ziada itatoka wapi?

Hapo ndipo penye shaka yangu kubwa. Mwaka 1941, watafiti wa Yangambi huko Kongo walieleza kwamba dura, aina yenye kifuu kinene, ikizalishwa na pisifera isiyo na kifuu, unapata tenera, yenye kifuu chembamba na nyama nyingi ya mafuta. Kwa miaka yote nimewaambia wakulima: ng'oa dura, panda tenera, utavuna zaidi kwenye eneo lilelile na msitu utapona. Ni kweli kwa hesabu ya karatasi. Lakini nimemwona mkulima aliyeanza na ekari mbili za tenera, mkungu ukamlipa, na fedha ya kwanza akanunulia kipande cha pori. Mimi ndiye niliyempa miche. Zao likilipa, linaita jembe. Asiyezuiwa na mpaka uliochorwa mapema hatazuiwa na mbegu bora.

Na kwetu mpaka huo unajulikana ulipo. Mchikichi unataka mvua ya milimita 2,000 hivi iliyogawanyika mwaka mzima. Kigoma tunapata karibu nusu yake, na miezi minne hivi ya ukavu. Mchikichi ukipata kiu hutoa maua mengi ya kiume, na pengo la mikungu unaliona miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anashuka bondeni, kwenye maji, na bondeni ndiko ulikobaki msitu wetu mnene. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na huo ndio mpaka wenyewe. Wanaonijibu kwamba sokwe wa Gombe hula chikichi wanasema kweli, hata kulala wakati mwingine hulala juu ya michikichi. Lakini ile imesimama imetawanyika kati ya mikuyu na miti mingine inayowalisha chikichi zisipokuwepo.

Baada ya mkutano nilimwomba yule mzee tushuke kijitoni na kamba. Mstari wake wa kwanza ulikuwa hatua 11 kutoka majini. Tulivuta kamba hadi mita 60, tukahesabu mistari saba. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Nikiing'oa, nitapanda nini?" Nikamwonyesha chipukizi la mkuyu lililokuwa limeshatoka katikati ya miche, urefu wa goti. Akavunja vijiti, akachomeka kimoja mwisho wa kila mstari kati ya ile saba. Hiyo hataipalilia tena.