Mitishamba na dawa za kisukari: kutoka kwenye mmea si kinga dhidi ya madhara

Wapo wengi wanaoamini kwamba dawa ya mitishamba, kwa kuwa imetokana na mmea, haiwezi kugongana na vidonge vya kisukari wala insulini. Imani hiyo si sahihi, tena ni ya hatari. Metformini yenyewe, dawa inayotumiwa sana kutibu kisukari cha aina ya 2, chimbuko lake ni kemikali iliyopatikana katika mmea uitwao Galega officinalis. Mwili hautofautishi kilichotoka shambani na kilichotoka kiwandani.

Uwatu, karela na shubiri vinaweza kushusha sukari ya damu, na mgonjwa anayevitumia pamoja na insulini au glibenklamidi, dawa ambayo huchochea kongosho kutoa insulini hata pale sukari inapokuwa chini, anaweza kujikuta sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L, akatokwa jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo. Zaidi ya hayo, baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimewahi kukutwa zimechanganywa na glibenklamidi kwa siri, jambo ninaloliona kuwa ukatili, kwa sababu mgonjwa anaweza kuwa anameza dozi ya pili bila kujua.

Anayetaka kuendelea na mitishamba amweleze daktari au mfamasia jina la dawa hiyo na kiasi anachotumia, apime sukari mara nyingi zaidi, wala asiache dawa alizoandikiwa.