Je, wajua kwa nini nywila haionekani unapoiandika kwenye Linux?

Shangazi yangu alinipigia simu siku ya tatu baada ya kumwekea Ubuntu, moja ya matoleo ya mfumo endeshi wa Linux, kwenye kompyuta yake ya zamani. "Mwanangu, kibodi imekufa," akaniambia. Haikuwa imekufa. Alikuwa amefungua dirisha la amri kama nilivyomwandikia kwenye karatasi, akaandika sudo apt update (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi, na apt update hutafuta masasisho), akaombwa nywila. Alipoanza kuichapa hakuona kitu: si herufi, si kinyota, na hata kile kijistari kinachomeremeta hakikusogea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akazima kompyuta, akaiwasha tena, mambo yakawa yale yale.

Karibu kila aliyeingia kwenye Linux amepita hapo. Kwa nini basi wanaoitengeneza wameiacha hivyo miaka yote hii?

Desturi hii ina umri mkubwa kuliko Linux yenyewe. Unix, ambayo Linux imefuata nyayo zake, ilianza kuandikwa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969. Watumiaji wa siku zile hawakuwa na skrini. Walikaa mbele ya mashine ya kuchapa iitwayo Teletype, na kila walichoandika kilijichapa kwenye karatasi. Nywila ingechapwa, ingebaki pale pale ikimsubiri atakayeiokota karatasi. Kwa hiyo mashine iliamriwa inyamaze wakati wa nywila. Baadaye karatasi ziliondoka, skrini zikaja, na ukimya ukabaki kwa sababu nyingine: vinyota vinahesabika. Anayechungulia nyuma yako akihesabu sita, ameshajua kwamba hana haja ya kujaribu nywila za herufi saba au nane.

Kwa mtu aliye peke yake sebuleni, faida hiyo ni ndogo mno, ilhali usumbufu ni mkubwa. Ndiyo maana Linux Mint, distro (yaani toleo la Linux lililofungashwa tayari kwa matumizi) inayowalenga hasa watu wanaohama kutoka Windows, iliamua kuwasha mpangilio mdogo wa sudo unaoitwa pwfeedback. Ukiwashwa, kila herufi unayochapa huleta kinyota. Wenzao wa elementary OS walifanya vivyo hivyo. Mgeni akaona kwamba kibodi yake ni nzima, akaendelea na kazi.

Kisha ikaja Januari 2020. Joe Vennix, mtaalamu wa usalama wa Apple, aligundua tundu ndani ya sudo, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye vinyota. Msimbo unaofuta vinyota pale mtu anapofuta alichoandika ulikuwa unakosea hesabu: katika hali fulani ulidhani bado kuna nafasi kwenye kumbukumbu wakati nafasi ilikwisha, herufi zikafurika zikamwagikia mahali pasipo pake. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye kompyuta hiyo, hata yule asiyeruhusiwa kabisa kutumia sudo, angeweza kuutumia mfuriko huo kujifanya root, yaani mtumiaji mkuu mwenye mamlaka juu ya kila kitu. Kasoro ilikuwamo tangu toleo la 1.7.1, na ilizibwa katika toleo la 1.8.31. Lakini sudo ya kawaida haikuwa imewasha pwfeedback. Waliokuwa hatarini ni wale waliowashiwa vinyota, yaani wale wageni hasa ambao Mint na elementary OS walitaka kuwarahisishia maisha.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba urahisi ni adui wa usalama. Mimi sikubaliani nao. Kila kitu unachokiongeza kwenye programu ni msimbo, na msimbo unaoendeshwa kwa mamlaka ya root unahitaji kukaguliwa mara kumi, uwe umeandikwa kwa ajili ya urahisi au kwa ajili ya ulinzi. Mint walisasisha sudo na vinyota wakaviacha. Naona walifanya sawa.

Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: nywila ile inamlinda nani dhidi ya nani?

Sudo iliandikwa mwaka 1980 au karibu na hapo katika chuo kikuu cha jimbo la New York kilichopo Buffalo, na Bob Coggeshall na Cliff Spencer. Kompyuta ya zama zile ilikuwa kama kisima cha kijiji: moja, inatumiwa na watu wengi. Msimamizi alitaka kumkabidhi mtu kazi fulani bila kumpa ufunguo wa nyumba nzima. Katika mazingira hayo, kumuuliza mtu "wewe ni nani, na una ruhusa?" ni jambo la lazima. Hata leo, kwenye maabara ya kompyuta ya shule ambako wanafunzi thelathini wanapokezana viti, ulinzi huo una maana ile ile.

Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hesabu inabadilika, na distro mbili kubwa zilijifunza hilo kila moja kwa upande wake.

Fedora 12 ilitoka tarehe 17 Novemba 2009. Ndani yake kulikuwa na badiliko ambalo wengi hawakulitarajia: mtu yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta na kuingia kwa akaunti ya kawaida aliweza kusakinisha programu bila kuombwa nywila ya root, mradi programu iwe imetoka kwenye hazina ya Fedora na imetiwa saini yao. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Programu imekaguliwa, imesainiwa, basi kuna ubaya gani? Kelele zikapigwa mara moja, hasa na wasimamizi wa kompyuta za pamoja. Programu halali nayo inaweza kuwa na tundu, na mwanafunzi angeweza kuisakinisha kwa makusudi ili alitumie tundu hilo. Ndani ya siku chache Fedora walitangaza kurudisha ombi la nywila.

Upande wa pili ulionekana Februari 2012. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kiini cha Linux, aliandika hadharani kwa hasira kuhusu openSUSE, distro nyingine ya Linux. Mfumo ulikuwa unadai nywila ya root ili kuunganishwa na mtandao mpya wa Wi-Fi, na tena ili kubadilisha majira ya saa. Uvumilivu wa Torvalds uliisha pale binti yake alipompigia simu kutoka shuleni: alishindwa kuongeza printa ya shule kwa sababu hakuwa na nywila ya root. Lugha aliyoitumia Torvalds ilikuwa kali kupita kiasi, lakini hoja yake ilisimama. Mwanafunzi anayetaka kuchapisha kazi yake ya shule hamdhuru mtu. Na mzazi aliyechoshwa na simu za namna hiyo atafanya nini? Atampa mtoto nywila ya root. Ulinzi uliowekwa juu kupita kiasi utaishia kutolewa wote kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo urahisi unapogeuka kuwa sehemu ya usalama. Mtu akiombwa nywila mara ishirini kwa siku, vidole vyake hujifunza kuichapa kabla macho hayajasoma kinachoombwa. Siku programu mbaya itakapoleta dirisha linalofanana na yale mengine, vidole vitafanya kazi vilivyozoea. Ombi la nywila lina nguvu pale tu linapokuja kwa nadra.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kuliko vinyota. Kwenye distro zinazotumia X11, mfumo wa kuchora madirisha ulioanzia MIT miaka ya 1980, programu zote zilizo kwenye skrini moja huaminiana. Ukitaka kuliona kwa macho, fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza liendeshee amri xinput test-xi2 --root. Haiombi nywila yoyote. Kwenye la pili andika sudo apt update, kisha chapa nywila yako. Dirisha la pili litakaa kimya kama kawaida yake, bila kinyota, wakati dirisha la kwanza linateremsha nambari, moja kwa kila kitufe. Kitufe cha a ni 38 na cha m ni 58. Nywila ikiwa ni mama, utaona 58, 38, 58, 38, na kila nambari inakuja mara mbili: kitufe kinapobonyezwa na kinapoachiwa. Tumemficha nywila binadamu anayechungulia begani, tukaiacha wazi kwa mchezo wa bure uliopakuliwa jana.

Wayland, mfumo ulioandikwa kuchukua nafasi ya X11, ulifunga mlango huo: programu hupokea tu vitufe vilivyobonyezwa kwenye dirisha lake. Fedora iliufanya chaguo la kwanza kuanzia Fedora 25 mwaka 2016. Lakini kufunga mlango huo kulifunga na mingine iliyokuwa ikitumiwa kwa nia njema. Programu za kuonyesha skrini kwenye mikutano ya video zilikwama, na zile za kuongoza kompyuta ukiwa mbali zilikwama pia. Ubuntu iliingia Wayland kwenye 17.10, ikarudi X11 kwenye 18.04 kwa sababu hizo, na ikaja kuirejesha mwaka 2021. Anayewalaumu kwa kurudi nyuma ajiweke mahali pa mwalimu anayefundisha kwa video, asubuhi moja akakuta wanafunzi wake wanaona weusi mtupu.

Distro iliyoenda mbali kuliko zote ni Qubes OS, iliyoanzishwa na Joanna Rutkowska na kutoa toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2012. Hii hugawanya kompyuta katika vyumba visivyoonana: benki chumba chake, barua za kazi chumba chake, viambatisho vya kutilia shaka chumba cha kutupwa baada ya matumizi. Kunakili sentensi moja kutoka chumba hadi chumba kunataka hatua za ziada, na wenyewe wanashauri kompyuta iwe na RAM ya GB 16. Sasa sikiliza hili: ndani ya vyumba hivyo, kwa mpangilio wake wa kawaida, sudo haiombi nywila kabisa. Mfumo uliojengwa na watu wanaoishi kwa kufikiria mashambulizi umelitoa ombi lile ambalo shangazi yangu alidhani limeua kibodi. Sababu waliyoitoa ni kwamba aliyekwisha kuingia chumbani ameshafikia vilivyo muhimu: barua, picha, nyaraka. Ukuta wa kutegemewa ni ule ulio kati ya chumba na chumba, na huo hauhitaji shangazi achape chochote.

Sitamwekea shangazi Qubes. Kompyuta yake ina RAM ya GB 4, na kinachomtishia si majasusi. Ni kibaka atakayepita na kompyuta yenyewe. Mwizi wa namna hiyo hasumbuliwi na sudo wala na nywila ya kuingilia: anachomeka flashi yenye Linux, anawashia kompyuta humo, anasoma faili zote kama gazeti. Kinga yake ni kusimba diski nzima, yaani kuifanya isisomeke bila nywila, na kwenye Ubuntu, Mint na Fedora ni suala la kuchagua kisanduku wakati wa kusakinisha. Kukichagua baadaye kunamaanisha kusakinisha upya, na mimi mara ya kwanza nilikuwa nimekiruka kwa haraka zangu.

Basi nilirudi Jumamosi, nikanakili picha zake kwenye diski ya nje, nikaanza upya. Sasa kompyuta humwomba nywila ndefu mara moja tu, inapowaka, maneno matano aliyoyachagua mwenyewe. Akiyasahau hakuna fundi atakayemfungulia, kwa hiyo ameyaandika kwenye karatasi iliyomo ndani ya bahasha ya hati ya kiwanja. Printa huongeza bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha nikaendesha sudo visudo, amri inayofungua faili la mipangilio ya sudo, nikaongeza mstari wa Defaults pwfeedback, nikahifadhi, nikamwachia kiti. Akachapa nywila yake polepole huku akihesabu vinyota kwa sauti.