Fizi za ujauzito: kwa nini zinatoka damu

Mjamzito anapiga mswaki, anatema, na povu linatoka jekundu. Akijitazama kwenye kioo anaona ncha za ufizi katikati ya meno zimevimba, nyekundu, zinang'aa. Hiyo ndiyo jinjivaitisi ya ujauzito. Mara nyingi huanza mwezi wa 2 au wa 3, huzidi kuelekea mwezi wa 8, kisha hutulia baada ya kujifungua.

Mimba peke yake haivimbishi fizi. Chanzo ni ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Homoni za progesteroni na estrojeni zikipanda, mishipa midogo ya damu kwenye fizi hutanuka, na ukoga uleule uliokuwa ukivumilika zamani sasa unaleta uvimbe. Kwa hiyo anayeacha kusugua panapotoka damu anajiongezea tatizo: ukoga unabaki, unageuka ugaga mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa na daktari wa meno. Tumia mswaki laini, ulaze kidogo kuelekea ufizi, sugua kwa mizunguko midogo dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi.

Ukitapika, usikimbilie mswaki. Tindikali ya tumbo imeshalainisha ngozi ngumu ya jino, na kusugua hapo hapo kunaikwangua. Koroga kijiko 1 cha chai cha soda ya kuokea katika kikombe cha maji, sukutua, tema, subiri angalau dakika 30. Ni ile ya keki, si magadi ya maharage. Magadi ni makali mno kwa kinywa. Na wale wanaotafuna udongo wajue kuwa chembe zake ngumu zinasaga meno.

Kuna imani kwamba mtoto hunyonya chokaa ya meno ya mama. Si kweli. Madini yaliyomo kwenye jino hayarudi kwenye damu. Meno yanaharibika kwa sukari, kwa matapishi na kwa ukoga.

Matibabu hayasubiri mpaka ujifungue. Kuziba jino, kung'oa, ganzi ya lidokeini, hata picha ya eksirei ukiwa umekingwa, vyote vinafanyika. Miezi ya kati, kuanzia wa 4 hadi wa 6, ndiyo yenye nafuu. Tumbo likishakuwa kubwa, omba mto chini ya nyonga ya kulia ili ulalie kushoto kidogo; ukilala chali mtoto anakandamiza mshipa mkubwa wa damu, na unaweza kuzimia kwenye kiti. Mwambie daktari mimba ina wiki ngapi kabla hajaandika dawa: tetrasaiklini hutia rangi meno ya mtoto, na ibuprofeni haifai, hasa kuanzia wiki ya 20. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kwanza.

Wengine huota kinyama chekundu katikati ya meno, kinachovuja damu kikiguswa. Si saratani, na kwa kawaida hunywea baada ya kujifungua. Hukatwa mapema kikizuia kutafuna. Shavu likivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.